Kikomo cha Kushoto

Ubavuni mwa presi pana kibati:
tani themanini.
Kila mgeni hukisoma
kama asomaye mshahara wa mwenziwe.

Nimeitwa Rusayl saa nne usiku.
Mashine "inajizima ovyo,"
ndivyo alivyoandika msimamizi, Biju,
na alama tatu za mshangao.
Nje joto halijalala. Lami inanuka.
Ndani, kiyoyozi kimoja kinagombana na paa zima la bati,
nasi tunapiga mabano
ya kubebea viyoyozi vya watu wengine.

"Pandisha kikomo, Zahor. Weka themanini.
Si imeandikwa?"

Imeandikwa.
Lakini themanini ile ni ya mwisho wa safari,
milimita nne kabla kichwa hakijafika chini.
Juu ya hapo, presi ni mtu aliyebeba sinia la pilau:
likiwa kifuani, muongezee na birika;
akinyoosha mikono, sinia lile lile
linamtetemesha mpaka mabega.
Na kalibu yetu huanza kukata mapema,
huko huko mikono iliponyooka.

Tena, themanini ni ya nguzo mbili.
Nikatazama kioo cha kipimo:
kulia kumi na tisa,
kushoto thelathini na tatu.
Jumla hamsini na mbili, jumla tulivu,
ya kumwonyesha mwenye kiwanda.
Jumla ni mwongo mwenye adabu.

Nikazima. Nikatia kufuli langu, ufunguo mfukoni.
Nikapangusa grisi kwenye kona ya nguzo ya kushoto
kwa kipande cha dishdasha kuukuu.

Ufa.
Mwembamba, unywele wa mtoto wa arubaini.
Na mwisho wake, kwa wino mzito,
mtu alikwisha kuchora kistari na tarehe ya mwezi wa pili.
Tangu hapo ufa umekivuka kistari,
upana wa kucha.

Nani aliyeona akanyamaza?
Nikafungua kumbukumbu ya kikomo. Mashine haina haya.
Kushoto: ishirini na nane.
Kisha thelathini na moja, herufi za Harith,
aliyehamia Sohar bila kuaga.
Kisha thelathini na tano,
Ramadhani, saa nane usiku,
Z.M.

Z.M. ni mimi.
Nakumbuka. Ilisimama mara nne,
daku inanisubiri nyumbani,
nikabonyeza kishale cha juu
kama mtu anayeongeza sauti ya redio
asimsikie jirani anayegonga mlango.
Grisi sikuipangusa.

Biju alikuwa nyuma yangu, anasoma herufi zile.
Hakusema kitu. Akaenda kuleta karak, vikombe viwili.

Kalibu tukaihamishia presi namba tano,
safari hii katikati, kwa futi na kwa macho.
Tukapiga polepole, mabano kumi, ishirini.
Kushoto ishirini na sita. Kulia ishirini na sita.
Hamsini na mbili ile ile,
ila sasa imegawanywa kama ya warithi wenye kadhi.

Nikaweka kikomo ishirini na tisa kila upande:
kile ambacho kazi inadai
na fungu la kumi juu yake, kama zaka ya shamba la mvua.
Nikaweka na cha chini,
kwa kuwa wepesi wa ghafla nao ni habari:
bati halikuingia, au jino la kalibu limevunjika.

"Ikisimama tena?" akauliza.
"Itasimama."
"Nikupigie?"
"Kwanza chungulia ndani."

Saa kumi na mbili asubuhi, niko Al Khoud, kiatu kimoja mguuni,
simu ikalia.
Picha: kiganja cha Biju, na juu yake
mabati mawili yaliyogandana kwa mafuta,
yaliyotaka kupigwa kama moja.
Chini yake, thelathini na nne. Imesimama.
Hapakuwa na alama ya mshangao.

Ufunguo wa kufuli ungali mfukoni,
unagongana na wa nyumba.